Msijisumbue kwa Ajili Yetu

Gari letu la wagonjwa lilitutoka kwa sababu ya adabu. Halikuibiwa, wala hakuna mtu aliyetufanyia ubaya. Ni adabu tu, hii tuliyolelewa nayo, na aliyetuponza nayo ni Ardis Tollefsrud, mtu ambaye sisi wenyewe tulimtuma bungeni.

Hapa Sandvold ukikaribishwa kahawa unasema hapana. Ukikaribishwa tena unasema hapana, usijisumbue. Ukikaribishwa mara ya tatu ndipo unasema haya basi, kidogo tu, halafu unakunywa mpaka birika linakauka. Babu zetu walitoka na jambo hili Norwe pamoja na masanduku yao, na sijamsikia mtu akilihoji. Anayepokea mara ya kwanza tunamwona hakulelewa. Anayekaribisha mara moja akanyamaza, tunajua hakutaka kutoa.

Ardis mwenyewe alipata umeya kwa njia hiyohiyo. Alikuwa jikoni kwenye ukumbi wa kanisa anaosha vikombe, huku nje tukamteua. Akatoka mikono ina povu, akasema hapana, wapo wanaofaa kuliko yeye. Tukamrudia, akasema tusimtanie. Tukamrudia tena, akajifuta mikono kwenye aproni, akawa meya. Na meya wa mji kama wetu hana dereva wala ofisi yenye zulia. Bomba likipasuka kwa baridi, anayeingia mtaroni na tochi ni yeye. Mbwa wa fulani akimuuma fulani, anayesuluhisha ni yeye. Aliifanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba kiti cha bunge la jimbo kilipokuwa wazi tulimwendea, tukamrudia, tukamrudia tena, akaenda.

Basi siku moja ya Machi alikuwa amekaa mbele ya kamati ya fedha. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Garrick Dunleavy, wakili wa mji mkuu, mtu wa tai nyembamba na haraka nyingi, ambaye pia ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama cha Ardis bungeni. Akafika kwenye ombi la Sandvold: gari jipya la wagonjwa na wahudumu wa kulipwa. Hakuna aliyekuwa hajui kwamba gari tulilonalo limeoza sakafu na wanaoliendesha ni wazee wa kujitolea. Ardis alikuwa amewaeleza majira yote yale ya baridi, kwa upole wake. Fedha zilikuwepo. Dunleavy akanyanyua uso, akamtabasamia, maana kwa kweli alikuwa amekusudia kumpa.

"Mheshimiwa Tollefsrud, hili la kwenu bado mnalihitaji?"

Ardis akaona haya. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na nyuma yake walikuwa wamekaa watu wa miji mingine wakisubiri zamu zao.

"Ah, msijisumbue sana kwa ajili yetu," akasema. "Wapo wenye shida kuliko sisi."

Akashusha macho, akasubiri aulizwe tena.

"Hayo ndiyo maneno ya kiungwana," akasema Dunleavy. "Laiti wote mngekuwa kama mwenzenu huyu."

Akakata kwa kalamu, akaita mji unaofuata. Fedha zetu zikaenda kujenga maegesho ya magari ya uwanja wa michezo huko mjini kwao. Ardis alibaki kitini akidhani labda watamrudia mwishoni, wakimaliza na wengine. Alikaa pale mpaka wafagiaji walipoanza kupanga viti.

Habari ilitangulia kufika nyumbani kuliko yeye. Redio ilisema mbunge wetu ameachia fedha kwa hiari yake ili wengine wapate, na mtangazaji akamsifu sana. Sifa zile zilituuma kuliko hasara yenyewe.

Bila fedha hizo, kituo chetu cha gari la wagonjwa kingefungwa theluji ikiyeyuka. Baada ya hapo, ukianguka Sandvold, itabidi gari la kukuchukua litoke Kilborn kwenye hospitali, mwendo wa saa nzima barabara ikiwa safi, na safi kwetu ni wiki chache za mwaka. Kwa Ardis jambo hili halikuwa la makaratasi. Mumewe, Verlyn, aliyestaafu kwenye ghala la nafaka, ni mmoja wa madereva wa gari lile, pamoja na nyonga yake mbovu. Na mama yake Verlyn, bibi Borghild, moyo wake umechoka, anaishi nao katika chumba cha pembeni mwa jiko. Kifo chake, kama kingekuja, kilikuwa kinajulikana kitakujaje: moyo ungegoma, na mtu angelazimika kumfikisha Kilborn upesi.

Ijumaa Ardis aliporudi, Verlyn alikuwa amepika viazi na nyama ya kusaga kwenye oveni, chakula pekee anachokijua. Verlyn husema kidogo hata siku za furaha, lakini siku hiyo Ardis aliusikia ukimya wake hadi kwenye uma na kisu.

"Sema basi," akasema Ardis.

"Niseme nini."

"Nilikuwa namsubiri anirudie, Verlyn. Sikumaanisha hapana."

"Najua, mke wangu. Hata mimi ningesema vilevile." Akasukuma sahani. "Hilo ndilo linaloniudhi. Kwamba hata mimi."

Borghild, ambaye watu hudhani hasikii, alikuwa anasikia yote. Akasema yeye alimkataa baba yake Verlyn mara mbili alipomposa, kwanza kwenye zizi la ng'ombe, halafu kwenye mazishi ya shangazi yake.

"Angekuwa yule bwana wako wa tai," akamwambia mkwewe, "huyu hapa asingezaliwa."

Verlyn alichekea puani. Ardis hakucheka. Alisema akirudi mjini atamwendea Dunleavy, atamweleza polepole jinsi mambo yalivyo kwetu, na ni mtu mwenye elimu, ataelewa. Borghild akasema ni hiyo polepole iliyomfikisha hapo alipo.

Kesho yake Ardis aliingia kwenye mgahawa wa kona, ambako wanaume wa mji hukaa meza moja ndefu asubuhi nzima wakitengeneza serikali. Aliyeshika birika siku hiyo ni Duane Skaar, dereva wa gari la kusukuma theluji, ambaye ndiye aliyemrithi Ardis kwenye umeya. Duane ana mdomo. Tulimchagua tukijua.

"Mheshimiwa, kahawa?" akauliza.

"Hapana, asante, Duane," akasema Ardis, kwa mazoea tu, ulimi ukienda wenyewe.

"Haya. Wapo wenye shida kuliko wewe."

Akapita na birika lake. Meza nzima ikacheka, wengine wakiwa wameinamia vikombe ili wasionekane. Ardis akajifanya amekuja kununua mkate. Alilipa, akaaga kwa heshima zote, akatoka, na mkate akauacha juu ya kaunta.

Jumapili ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa kanisani hapakuwa na aliyecheka. Baada ya ibada sisi Walutheri hushuka ukumbi wa chini kunywa kahawa, na akina mama huzunguka na mabirika. Walimfikia Ardis, wakamuuliza kwa sauti nzuri kabisa, akasema hapana, wakaendelea na safari yao. Hawakurudi. Mgeni angekaa pale asione kitu. Sisi tuliona, na yeye aliona, akakaa na kikombe kikavu mbele yake akitazama ukuta wenye picha za wachungaji wa zamani.

Aliyekwenda kukaa naye ni Marlys Engebo peke yake, mpishi wa shule, ambaye pia ni mhudumu wa kujitolea kwenye gari la wagonjwa. Hata yeye hakwenda kumfariji. Alikwenda kumuuliza kama anajua mji gani utakubali kuchukua machela yetu na mitungi ya oksijeni tukishafunga, maana ni aibu vitu vizima vioze stoo.

"Usiulize mji wowote bado," Ardis akamwambia.

"Niulize lini basi?"

Upepo ulikuwa umeanza nje, na watu wakaanza kutafuta makoti.

Borghild alishikwa na moyo alasiri hiyohiyo, akimenya viazi. Kisu kilianguka kwanza. Ardis alipogeuka alimkuta mama mkwe wake ameshika ukingo wa meza, midomo imegeuka rangi, akijaribu kuomba radhi kwa viazi vilivyomwagika. Ardis akapiga simu, king'ora cha mji kikalia. Verlyn ndiye aliyekuwa zamu. Alikimbia kwa ile nyonga yake mpaka karakana, akarudi na gari, Marlys kando yake na aproni bado kiunoni.

Mlango wa nyuma wa gari lile haushiki siku za baridi, hivyo waliufunga kwa kamba. Theluji ilikuwa inapeperuka barabarani hata boneti ya gari huioni. Verlyn alisimama kwenye makutano ya mwisho wa mji, mikono kwenye usukani, asijue aendelee vipi. Ndipo taa za njano zikatokea mbele. Ni Duane, na gari lake la theluji. Hakuna aliyemwita. Duane ni mtu wa maneno makali lakini hajawahi kukaa kitako king'ora kikilia. Akatangulia, akalima njia yote hadi Kilborn, na Verlyn akafuata taa zile bila kuona kitu kingine.

Nyuma, Ardis alikuwa amepiga magoti akimshika Borghild mkono, Marlys akishughulika na oksijeni. Theluji iliingia kwa tundu la sakafu, ikatua kwenye soksi za Ardis na haikuyeyuka. Alikuwa amezungumzia tundu lile mbele ya kamati mara nyingi. Hakuwahi kulipigia magoti.

Walifika. Daktari alipomaliza akatoka, akasema moyo umetulia, lakini kama wangesubiri gari litoke hapa Kilborn kwenda kumchukua na kumrudisha, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akivua glovu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Wakamkuta Borghild amelala, mdogo kuliko walivyomzoea. Nesi akaingia, binti mchangamfu, si wa kwetu. Akamuuliza bibi kama ana maumivu, amletee dawa.

"Hapana, mwanangu, usijisumbue," akasema Borghild. "Una wagonjwa wengi."

Nesi akamtabasamia, akamwekea shuka vizuri, akatoka. Borghild akageuza macho mlangoni, akasubiri. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa shuka mpaka vimekuwa vyeupe. Ardis akautazama mlango ule pamoja naye. Wakautazama wote wawili, mtu na mkwewe, na mlango haukufunguliwa.

Ardis husimulia kwamba kilichompanda pale hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Hakumkasirikia nesi, aliyeuliza akajibiwa. Alikasirika kwa ajili ya vikombe vyote alivyovikataa maishani huku akivitaka. Akatoka kwenye korido, akaita kwa sauti ambayo Verlyn alikuwa hajaisikia tangu waoane.

"Nesi. Rudi hapa. Anaumwa, anataka dawa, na anaitaka sasa hivi."

Watu waligeuka. Verlyn aliinamisha kichwa kwa aibu. Duane Skaar alikuwa amesimama ukutani, buti zake zinachuruzika maji kwenye sakafu ya watu, na akavua kofia polepole. Nesi alirudi mbio na dawa, akaomba radhi, akasema angejua angeileta mapema. Borghild alipoimeza alifumba macho.

"Umenitia aibu," akamwambia Ardis. Halafu, baada ya kupumua kidogo, "Asante."

Huko mji mkuu Ardis hakwenda polepole. Aliingia ofisini kwa Dunleavy na koti lake la theluji, akasema anataka gari la Sandvold lirudishwe kwenye bajeti. Dunleavy alimsikiliza kwa upole wa mtu mwenye miadi nyingine. Akamweleza kwamba bajeti imefungwa, kwamba mwenyewe alikataa mbele ya mashahidi, na mwaka ujao upo. Akamkumbusha pia kuwa yeye bado mgeni bungeni, chama kilimshika mkono kwenye kampeni, na wanaokumbukwa vizuri huko ni wasioleta fujo. Msaidizi alikuwa ameshafungua mlango kabla Ardis hajainuka.

Lakini chama chao kilikuwa kinawazidi wapinzani kwa kiti kimoja tu. Siku ya kupitisha bajeti kila kura yao ilihitajika, na mle ukumbini kuna ubao mkubwa wenye majina yote, kijani ukikubali, nyekundu ukikataa. Majina ya chama yakawaka kijani, moja baada ya jingine. La Tollefsrud likawaka jekundu. Msimamizi wa kikao akakohoa, akasema kura itabaki wazi kwa muda.

Dunleavy akaja kwenye kiti chake, akiinama kama anayeokota kitu. Akasema barabara ya Sandvold kwenda Kilborn itawekwa lami mpya. Ardis akasema hapana. Dunleavy akaenda kunong'ona na wenzake, akarudi. Lami, na uenyekiti wa kamati ya kilimo, ambao watu huungoja miaka. Ardis akasema hapana, kisha akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kumbe unajua kurudia," akasema.

"Samahani?"

"Siku ile uliniuliza mara moja tu. Nikasema labda huko kwenu hamjui kumuuliza mtu mara ya pili. Kumbe mnajua sana, mkiwa wenye shida ni ninyi."

Dunleavy akamwambia kwa sauti ya chini kuwa anawaaibisha, kwamba kamera zinaona, na anajua yanayowapata watu wa namna hii. Ardis akasimama, akavuta kipaza sauti.

Sisi tulikuwa mgahawani, televisheni imewashwa, na hakuna aliyekuwa anakunywa kitu. Borghild aliletwa na kiti chake, blanketi magotini.

"Niliulizwa kama tunahitaji gari la wagonjwa," akasema Ardis. "Nikajibu msijisumbue kwa ajili yetu. Kwetu mtu akisema hivyo anangoja umuulize tena, lakini hilo si kosa lenu, ni langu. Basi najibu upya. Jisumbueni. Mama mkwe wangu alipelekwa hospitali kwenye gari lililotoboka, mlango umefungwa kwa kamba, na mume wangu akiendesha bila kuona mbele. Nataka gari. Nataka wahudumu wanaolipwa. Sijasema tafadhali, na wala sisemi. Taa yangu itabaki nyekundu mpaka jambo hili liandikwe na lisomwe kwa sauti humu ndani."

Nisikufiche, tuliona aibu. Akina mama wale wa mabirika walifunika nyuso. Mtu wa Sandvold kusema nataka, nataka, mbele ya jimbo zima. Mmoja akaanza kusema kwamba mama yake Ardis angekuwa hai angekufa tena.

"Nyamazeni," akasema Duane. "Msikilizeni mbunge wenu."

Ardis alisimama mchana wote. Walikuja kumbembeleza mmoja mmoja, wengine kwa utani, wengine kwa vitisho, na mzee mmoja wa chama akamwambia anaharibu kazi nzuri iliyoanza vizuri. Aliwasikiliza wote na kuwaambia hapana, na kila hapana ilikuwa hapana. Jua lilipokuwa linazama Dunleavy alirudi na karatasi ya marekebisho. Maegesho ya uwanja yalikuwa yamepunguzwa. Ardis akaisoma, akamrudishia, akasema bado haijasomwa kwa sauti. Ikasomwa. Akabonyeza kijani, akaketi, akavua viatu chini ya meza.

Chama hakikumsamehe, na hakikujificha. Waliamua kumtoa kwenye kamati zote, hata ile ya maktaba. Ofisi yake ikahamishiwa chini, jirani na chumba cha mitambo ya joto, ambako alikuwa anapiga simu kwa kelele ili asikike. Nafasi yake ya kuegesha gari ikawa mbali na jengo, upande ambao theluji hailimwi. Akina sisi tulipokwenda kumtembelea tulipitishwa mlango wa wafagiaji. Ardis alitukaribisha mle kwenye joto na ngurumo, akasema angalau miguu haigandi.

Gari lilikuja vuli. Mlango wake unafungwa kwa kidole kimoja. Walioajiriwa ni vijana wawili wenye mafunzo, na Verlyn alirudisha funguo za gari kuukuu, lakini hadi leo Jumamosi anakwenda karakana kulifuta lile jipya ambalo halina vumbi. Lilishatoka na Borghild mara moja. Alirudi akilalamika kwamba mle ndani pana joto kupita kiasi.

Baridi iliyofuata, uchaguzi ukikaribia, Dunleavy alifunga safari mwenyewe mpaka Sandvold. Tuliliona gari lake likipita taratibu, na kabla halijasimama kwa akina Tollefsrud mji mzima ulikuwa umeshajua. Verlyn alimpokea koti. Wakamkalisha jikoni, mezani, mbele ya Borghild na blanketi lake. Kulikuwa na chapati za viazi za siagi na sukari, na birika lilikuwa motoni linatoa mvuke.

Inaelekea msaidizi wake alikuwa amemfundisha njiani tabia zetu, ili safari hii asikosee. Ardis alichukua birika, akasimama kando yake.

"Kahawa?"

Dunleavy akatabasamu kama mwanafunzi aliyesoma usiku kucha.

"Hapana, asante sana," akasema. "Usijisumbue kwa ajili yangu."

"Haya," akasema Ardis, akarudisha birika motoni.

Dunleavy alisubiri. Alilitazama birika, akamtazama Verlyn, na Verlyn akatazama dirisha kwa uso unaowaka. Borghild alikuwa anatafuna chapati yake bila haraka. Mwishowe mgeni akaona hakuna linalokuja, akaanza maneno yaliyomleta. Chama kinamheshimu sana mama Tollefsrud. Chama kingependa apumzike, apishe mtu mwingine mwenye sauti tulivu zaidi, na kuna mpango wa hafla ya kumshukuru, pamoja na jina lake kwenye kibao pale bungeni. Akigombea, chama hakitamuunga mkono, kitaweka mtu wake, na hilo litakuwa jambo la kusikitisha kwa pande zote.

"Nitagombea," akasema Ardis.

"Labda ufikirie kwanza. Uzungumze na mzee hapa."

"Nimejibu, bwana Dunleavy. Siku hizi najibu mara moja."

Verlyn alimsaidia kuvaa koti, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akamwelekeza njia ambayo Duane alikuwa ameshailima. Aliporudi ndani alisimama mlangoni akikung'uta buti, amekereka.

"Ungemrudia hata mara moja, Ardis," akasema. "Mtu katoka mbali kote kule, baridi hii."

Ardis alikuwa ameshalichukua tena birika.

"Wapo wenye shida kuliko yeye," akasema. Akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, kahawa?"

Borghild akasukuma kikombe katikati ya meza.

"Jaza," akasema.